Je, Wajua? Platinamu Ndani ya Dripu

Je, wajua kuwa madini ya platinamu, yaleyale ya pete za bei mbaya, huingia mwilini mwa wagonjwa wanaotoka Mbagala na Tegeta kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road? Dawa yenyewe ni sisplatini. Hutolewa sambamba na mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake nchini Tanzania.

Kwamba iliundwa miaka ya 1840 na Mtaliano Michele Peyrone, ikakaa zaidi ya karne bila kujulikana kuwa ni dawa? Mwaka 1965, Barnett Rosenberg wa Marekani alipitisha umeme kwenye bakteria. Wakarefuka mno, wasigawanyike. Kumbe si umeme, ni platinamu iliyoyeyuka kutoka kwenye vyuma vyake vya kupitishia umeme!

Kwamba muuguzi hatakiwi kuigusisha na sindano yenye alumini? Dawa huharibika, mashapo meusi yakatokea. Maji ya chumvi ndiyo rafiki yake. Kwenye damu, iliyojaa kloridi, dawa hutulia. Ikizama ndani ya seli, ambako kloridi ni haba, huachia kloridi zake, maji yakashika nafasi, na hapo ndipo inapokuwa kali. Hudaka herufi mbili za guanini zilizokaa jirani kwenye DNA na kuupinda uzi. Seli ikishindwa kuurekebisha, hufa.

Tatizo ni kwamba guanini jirani zimejaa kila mahali, hata kwenye seli zenye afya. Dawa pia huumiza figo, masikio huvuma, na mama anarudi Temeke kwenye daladala kashika mfuko, akihofia kutapika njiani. Mateso hayo ni makubwa mno kuyazoea.

Kwa hiyo wakemia wanaipa platinamu kiongozi. Wapo walioifunga kwenye kipande kifupi cha DNA kinachotambua mfuatano maalumu wa herufi. Wengine kwenye molekuli jamii ya distamaisini, inayopenda sehemu zenye adenini na thaimini. Nicholas Farrell aliunganisha platinamu tatu kwenye mnyororo mmoja ili zishike herufi zilizo mbalimbali; ilijaribiwa kwa wagonjwa, ikaachwa. Molekuli ikirefuka, kupenya seli huweza kuwa kazi.

Na je, wajua kuwa dalili za awali za saratani hiyo ya mlango wa kizazi huonekana kwa asidi ya siki tu? Mlango wa kizazi hupakwa, husubiriwa dakika moja, na sehemu yenye shaka hugeuka nyeupe.