Fahamu: Maji salama Karatu
Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, ndiyo kwanza inakolea. Karatu na Ngorongoro ni nchi ya volkano. Madini ya floraidi hutoka kwenye miamba, huingia visimani, huacha meno na rangi ya kahawia na, yakizidi sana, hupinda mifupa. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Dkt. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Karatu, alibuni chujio la mchanga na chembechembe za nano zinazoteuliwa kulingana na uchafu wa mahali, kama floraidi. Mwaka 2015 Akademi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza ilimtuza pauni 25,000. Umechimba kisima? Pima maji maabarani kwanza.