Après l'Ondée au L'Heure Bleue?

Jacques Guerlain alitengeneza Après l'Ondée mwaka 1906 na L'Heure Bleue mwaka 1912. Yote mawili ni manukato matamu ya maua yenye harufu ya poda, na anayeyanusa harakaharaka dukani huona hayana tofauti. Tofauti ipo, tena kubwa.

Harufu ya poda hutokana hasa na vitu vitatu. Kuna heliotropini, kemikali tamu inayokaribiana na vanila na lozi. Kuna ayononi, iliyotengenezwa na wanakemia Tiemann na Krüger mwaka 1893, inayonukia kama maua ya vayoleti. Na kuna shina la chini la mmea wa irisi, ambalo huachwa likauke kwa miaka kadhaa ndipo linukie vizuri.

Katika Après l'Ondée, vayoleti na irisi ndizo zinazotawala, zikichangamshwa na anisi. Manukato hayo ni mepesi, yana ubaridi. L'Heure Bleue imeshiba heliotropini na vanila, ikaongezwa maua ya mchungwa na karnesheni. Harufu ya karnesheni hujengwa kwa eujenoli, kiini kilekile kinachozifanya karafuu za Pemba zinukie. Aliyezoea kupita penye majamvi ya karafuu zilizoanikwa ataitambua mara moja.

Shida ni ayononi. Pua huizoea upesi mno: unainusa, inatoweka, baadaye inarudi. Ukinusa manukato haya moja baada ya jingine, la pili unalihukumu kwa pua iliyochoka. Isitoshe, wapo watu ambao kwa maumbile ya kurithi hawaisikii vizuri aina moja ya ayononi, na kwao Après l'Ondée huweza kuonekana hafifu kuliko ilivyo.

Kwa hiyo kijikaratasi cha dukani hakitoshi. Pulizia moja kwenye mkono wa kulia, jingine wa kushoto, usisugue, kisha nenda zako. Spiriti huruka kwanza. Vanila na heliotropini hubaki kwa saa nyingi, na hizo ndizo utakazoishi nazo. Jioni, mwombe mtu wa nyumbani ambaye hajanusa chochote akuambie anasikia nini kila upande.

Mimi nachagua L'Heure Bleue, kwa sababu ukali wa ile karafuu unauzuia utamu usichoshe. Ila joto la pwani huyarusha manukato kwa nguvu, basi mchana tone moja chini ya nguo linatosha.