Mgeni Anayefanana na Mwenyeji

Mwaka 2017 taasisi ya Chatham House ya London iliwauliza watu wapatao 10,000 katika nchi kumi za Ulaya kama wanakubali kwamba uhamiaji wote kutoka nchi zenye Waislamu wengi usimamishwe. Asilimia 55 walikubali. Poland, nchi ambayo Mwislamu ni wa kutafuta kwa tochi, waliokubali walifika asilimia 71. Takwimu za aina hii zimezoeleka kusomwa kwa namna moja: Mzungu anamkataa mkimbizi kwa sababu ni Mwislamu, na laiti angekuwa Mkristo mlango ungefunguka. Wengine husema hivyo kwa kuulaani ubaguzi, wengine kwa kuutetea wakidai kwamba tamaduni zilizo mbali hivyo haziwezi kukaa nyumba moja. Pande zote mbili zinaafikiana kwamba kiini ni tofauti ya dini. Kuipima hoja hiyo hakuhitaji kwenda Ulaya. Kinachohitajika ni mahali ambapo mkimbizi na mwenyeji walikuwa na dini zilezile, lugha zinazosikilizana, mapishi yaleyale, hata majina yaleyale, ili tuone kama chuki ilikosa pa kushika. Mahali hapo tunapo, na panaitwa Rusumo.

Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo juu ya mto Kagera na kuingia wilaya ya Ngara nchini Tanzania, katika muda wa takriban saa 24. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilisema halijawahi kuona watu wengi kiasi hicho wakikimbia kwa kasi ile. Walikaa Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya Kiitaliano iliyokuwa ikijenga barabara, na katika wiki chache pakawa kambi kubwa kuliko zote duniani. Ngara yenyewe ilikuwa na wakazi wapatao 160,000 tu katika sensa ya 1988, na tayari ilikuwa imepokea Warundi waliokimbia baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Linganisha na Ulaya: mwaka 2015, mwaka ambao huko unatajwa kama gharika, watu zaidi kidogo ya milioni moja waliingia kwa njia ya bahari katika bara ambalo Umoja wa Ulaya peke yake ulikuwa na watu zaidi ya milioni 500. Huko ni wageni wawili kwa kila wenyeji elfu moja. Ngara wageni waliwazidi wenyeji.

Waliokutana hapo hawakuwa mbali kwa lolote linaloonekana. Kihangaza na Kishubi, lugha za wenyeji wa Ngara, zinasikilizana na Kinyarwanda na Kirundi bila mkalimani. Wengi wa waliovuka walikuwa Wakatoliki au Waprotestanti, na wilaya waliyoingia ilikuwa na hospitali ya Wakatoliki kule Rulenge na ya Waanglikana pale Murgwanza. Kulikuwa na ndoa za kuvuka mto, mashemeji pande zote, na wazee waliowapokea Watutsi waliokimbia Rwanda kuanzia 1959. Serikali nayo ilikuwa na jina la ukarimu. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen kwa ajili ya sera yake ya kuwapokea wakimbizi. Kama ukaribu wa dini na utamaduni ndio unaofungua mlango, basi hapakuwa na mlango ambao ungebaki wazi kuliko huu.

Haukubaki wazi. Machi 1995, haujatimia mwaka, Tanzania ilifunga mpaka wake na Burundi ili Wanyarwanda waliokuwa huko wasivuke. Desemba 1996 serikali, pamoja na shirika lilelile la wakimbizi, ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao kufikia tarehe 31 ya mwezi huo. Wengi walijaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi; jeshi likawageuza na kuwaelekeza daraja la Rusumo, na karibu nusu milioni wakavuka kurudi. Mwaka 2006 wakafukuzwa tena Wanyarwanda waliokuwa wakiishi mkoani Kagera, wengi wao wafugaji. Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga, iliyofagia Kagera, Geita na Kigoma. Julai 2017 Rais Magufuli alimpokea Rais Nkurunziza mjini Ngara na kuwataka Warundi warudi nyumbani. Na lugha iliyotumika miaka yote hiyo, barazani na kwenye magazeti, angeitambua msomaji yeyote wa Budapest au Dresden: wanaleta silaha, wanaleta maradhi, wanamaliza misitu, wanakula huduma zetu, hawatarudi kwao. Hakuna aliyehitaji kutaja msikiti.

Tofauti ya dini haikuwepo, basi kilichokuwepo ni nini? Bahati nzuri, Kagera ni miongoni mwa maeneo ya Afrika yaliyochunguzwa kwa kina sana, kwa sababu kaya zake zilianza kufuatiliwa na utafiti wa Benki ya Dunia mwaka 1991, kabla ya wakimbizi, na zikatafutwa tena miaka mingi baadaye. Jennifer Alix-Garcia na David Saah walionyesha kwamba kuja kwa wakimbizi kulipandisha sana bei ya vyakula visivyokuwemo kwenye mgao wa msaada, na kwamba kaya za vijijini karibu na kambi zilipata mali zaidi huku zile za mjini zikipoteza. Ni rahisi kuona sababu: mwenye shamba la migomba aliuza ndizi kwa bei asiyowahi kuiota, na mwalimu au karani aliyeishi kwa mshahara alinunua ndizi hizohizo. Jean-François Maystadt na Philip Verwimp waliona mstari mwingine ndani ya kijiji chenyewe. Mkulima wa shamba lake alifaidika kwa sababu alipata vibarua wa bei rahisi. Aliyekuwa akiishi kwa kibarua cha kulima aligundua kwamba kazi yake sasa inafanywa na mkimbizi ambaye chakula amekwisha kupewa kambini. Beth Whitaker, aliyefanya utafiti vijijini humo miaka hiyohiyo, alikuta jambo lilelile kwa sura pana zaidi: waliokuwa na kitu waliongeza, na waliokuwa hawana walibanwa. Lipo pia la kutisha zaidi. Javier Baez alipima watoto wa Kagera waliokuwa karibu na wimbi la wakimbizi akakuta magonjwa ya kuambukiza yameongezeka na vifo vya walio chini ya miaka mitano vimepanda, na waliopona walikua wakiwa wafupi kidogo na wenye elimu pungufu kidogo kuliko wenzao wa mbali na kambi.

Kwa hiyo malalamiko ya Ngara hayakuwa ndoto, na sioni ungwana wowote katika kumwambia kibarua aliyepoteza kazi, au mama anayetembea mara mbili ya mwendo wa zamani kutafuta kuni, kwamba anachokihisi ni chuki tu. Lakini tazama alama za malalamiko hayo zilivyokaa. Hazikufuata lugha ya mkimbizi wala kanisa lake. Zilifuata mgawanyo wa faida na mzigo, na mgawanyo huo haukuletwa na mkimbizi. Ulitokana na namna kambi ilivyopangwa, chakula kilivyonunuliwa nje na kusafirishwa, na hospitali za wilaya zilivyoachwa zibebe watu maradufu. Warundi waliokuja 1972 na kupewa mashamba Katumba, Mishamo na Ulyankulu walilima, wakalipa kodi, na kufikia 2014 zaidi ya 160,000 kati yao walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania. Warundi wenzao walioingia Ngara baada ya 1993 walifungiwa katika kambi ya Lukole, wasiruhusiwe kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini, na kambi ikafungwa 2008 bila mtu kuzungumzia uraia wao.

Ulaya ina ushahidi wake unaoelekea upande huohuo, ingawa hautajwi sana kwenye kampeni. Andreas Steinmayr alichunguza jimbo la Austria ya Juu katika uchaguzi wa 2015. Katika miji midogo iliyokaribisha wakimbizi, wakaishi humo na kuonana na watu dukani na shuleni, kura za chama cha FPÖ kinachopinga uhamiaji zilikuwa pungufu kuliko ambavyo zingekuwa. Katika miji ya mpakani ambako wakimbizi walipita tu kwa makundi, ziliongezeka. Dominik Hangartner na wenzake walikuta hali hiyo ya pili katika visiwa vya Ugiriki vilivyo karibu na pwani ya Uturuki, ambako maelfu walitua na kuondoka: wenyeji wakawa wakali zaidi kwa wakimbizi na kwa Waislamu kwa jumla. Mkimbizi alikuwa yuleyule, dini ileile. Kilichobadilika ni kama mwenyeji alimpata jirani au aliona msafara.

Hapa inakuja pingamizi nzito ya kwanza. Mtu atasema Ngara haikuwa suala la mgao na kuni. Miongoni mwa waliovuka Rusumo walikuwemo wauaji wa kimbari. Ni kweli, na haifai kuikwepa. Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa meya wa komuni ya Murambi nchini Rwanda, alikuwa Benaco, na Juni 1994 ilipojaribiwa kumwondoa, maelfu ya wafuasi wake waliwazingira wafanyakazi wa misaada. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari mwaka 2011. Ulaya nayo ina mfano wake: wawili kati ya waliojilipua nje ya uwanja wa mpira wa Paris, Novemba 2015, walipita Ugiriki katikati ya wakimbizi. Hatari ilikuwepo basi, kule na huku. Lakini somo la Gatete ni kwamba waliotisha walijulikana kwa majina na vyeo vyao, na kosa lilikuwa kutowatenga mapema, wakaachwa wagawe chakula na kutoa amri kambini. Aliyeadhibiwa Desemba 1996 alikuwa kila Mnyarwanda, pamoja na bibi asiyeweza kushika panga. Woga wa wachache ukageuzwa sera dhidi ya wote, kwa sababu kuwachambua ni kazi ngumu na kuwafukuza wote kunaonekana kwenye picha.

Siasa nayo haikukaa pembeni. Bonaventure Rutinwa, msomi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kwamba vyama vingi viliifanya hifadhi ya wakimbizi kuwa mada ya kura barani Afrika; mgombea wa 1995 katika jimbo la mpakani asingeweza kukaa kimya juu yao. Viktor Orbán, waziri mkuu wa Hungary wakati huo, alifanya biashara hiyohiyo kwa mtaji mdogo zaidi: Oktoba 2016 aliitisha kura ya maoni juu ya mgao wa wakimbizi ambao kwa Hungary ulikuwa watu wasiotimia 1,300.

Pingamizi ya pili ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Kirk Bansak, Jens Hainmueller na Hangartner waliwaonyesha watu 18,000 katika nchi 15 za Ulaya wasifu wa waombaji hifadhi wa kubuni, wakakuta kwamba Mwislamu alikuwa na uwezekano wa kukubaliwa mdogo kwa takriban pointi 11 kuliko Mkristo, kila kitu kingine kikiwa sawa. Poland iliyokataa Waislamu 2015 ilipokea mamilioni ya Waukraine 2022. Je, hilo haliirudishi dini mahali pake? Linairudisha, lakini si kama chanzo. Utafiti uleule uliona kwamba kazi ya mwombaji na mateso aliyopitia vilihesabiwa pia. Woga unapokwisha kuwapo, hutafuta alama ya kumshika nayo mtu, na Ulaya alama iliyo karibu ni Uislamu. Tanzania yenyewe iliwapokea Waislamu Wabantu wa Somalia, wazawa wa Wazigua waliochukuliwa utumwani karne ya 19. Wakawekwa Chogo, Handeni, kwenye ardhi ya mababu zao, wakapewa mashamba na njia ya kupata uraia. Dini haikumsumbua yeyote.

Kagera alama ilikuwa nyingine, na ndiyo inayoiangusha kabisa dhana kwamba kufanana kunaleta amani. Operesheni Kimbunga ilipofika Ngara na Biharamulo, askari hakuwa na njia ya kumtambua Mnyarwanda au Mrundi kwa sura, kwa lafudhi wala kwa rozari shingoni. Mhangaza anaongea kama Mrundi. Basi kila aliyefanana na mgeni akawa mtuhumiwa, ukiwemo mwenyeji. Watu waliozaliwa hapa, waliolima hapa kwa miongo kadhaa, wengine wakiwa na vitambulisho vya kupigia kura, waliulizwa kijiji cha babu yao. Familia zikagawanyika, mume akabaki na mke akavushwa. Mhamiaji wa Kisiria aliyefika Ujerumani alishukiwa kwa sababu hafanani na Mjerumani. Mhangaza wa Rusumo alishukiwa kwa sababu anafanana mno na jirani wa ng'ambo, na cheti cha kuzaliwa ambacho kingemwokoa hakikuwa kimewahi kutolewa kwa watoto wengi wa vijijini humo.