Mkono wa Kwanza Kumfikia Mtoto

Kila asubuhi mzazi amwagapo mwanawe aendaye shule, humkabidhi mtu mwingine amana iliyo kubwa kuliko fedha. Tangu asubuhi ile mpaka alasiri mtoto hayumo tena mikononi mwa babaye wala mamaye, bali yumo mikononi mwa mwalimu na wenziwe. Nasi tuliozoea kuuliza habari za alama za mtihani, ni mara chache tuulizapo swali hili: Je, mwanangu akianguka leo, au akiumwa na nyoka, au akishikwa na pumu, mkono wa kwanza utakaomfikia utajua la kufanya?

Swali hili ni zito kila mahali, lakini lina uzito wa pekee katika kata kama Nkololo, wilayani Bariadi. Hiyo ni nchi ya pamba na mifugo, katika Mkoa wa Simiyu uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka wa 2012. Watoto wengi huenda shule kwa miguu, wakipita mashambani na machungani. Mgonjwa akizidiwa hupelekwa mjini Bariadi. Na jambo likiwa kubwa zaidi, safari huendelea kwa njia ya Lamadi mpaka hospitali ya Bugando, Mwanza, mwendo wa saa kadhaa. Basi daktari hawezi kuwa wa kwanza kufika. Wa kwanza ni mwalimu wa zamu, au mtoto wa darasa la sita aliyekuwa akicheza naye. Robo saa ile ya mwanzo ni yao.

Huruma isiyo na ujuzi

Hapana shaka watu wetu wana huruma. Mtoto akiumia, kila mtu hukimbia na dawa yake. Lakini huruma isiyo na ujuzi huweza kuua. Mtoto amwagikiwapo uji wa moto jikoni mwa shule, mmoja huleta dawa ya meno, wa pili mafuta, wa tatu yai bichi. Kumbe dawa iliyo bora ipo mtungini: ni maji safi ya baridi, yamiminwe juu ya palipoungua kwa muda wa dakika 20, kisha pafunikwe kwa kitambaa safi, na mtoto apelekwe zahanati. Jeraha litokalo damu nyingi halitaki mafuta ya taa wala udongo. Lataka kitambaa safi kikandamizwe kwa nguvu, bila ya kufunua-funua kutazama kama damu imekoma.

Aliyeanguka kutoka mtini, mguu ukapinda, asivutwe ili kuunyosha. Ufungwe pamoja na vijiti kwa khanga, vile vile ulivyo. Na aliyejigonga kichwa, hata akiinuka akacheka, aangaliwe mchana kutwa. Akitapika, au akisinzia isivyo kawaida, asiambiwe akalale nyumbani, bali apelekwe hospitali saa ile ile.

Ama nyoka, mambo yaliyozoeleka ndiyo mabaya kabisa. Wengine huchanja kwa wembe, wengine hunyonya sumu kwa mdomo, wengine hufunga kamba mpaka mguu ukafa, wengine hungojea jiwe la nyoka. Hayo yote hayaiondoi sumu. Hupoteza muda tu. Mtoto atulizwe, avuliwe viatu na bangili kabla ya uvimbe, mguu ufungwe vijiti kama uliovunjika, naye abebwe, asitembee. Dawa ya sumu iko hospitali. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa mwaka wa 2017, kwa kuwa wafao ni watu wa mashamba, na sauti yao haifiki mbali.

Tena iko radi. Katika nchi za Ziwa hatuwezi kuinyamazia. Mwezi wa Oktoba 2018 iliua wanafunzi sita wa shule ya Emaco, Geita. Na tarehe 27 Januari 2025 ikaua saba wa shule ya sekondari ya Businda, wilayani Bukombe, mkoa ule ule wa Geita. Wako wasemao kuwa radi hutumwa na mtu. Sisi twasema kuwa shule iwekewe chuma cha kuikinga radi, na watoto wasikimbilie chini ya mti ngurumo isikikapo. Na aliyepigwa asiogopwe, kwani mwili wake haubaki na umeme. Kama hapumui, akandamizwe katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, bila kuchoka.

Maradhi yafichwayo

Lakini ajali ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni maradhi ambayo mtoto huja nayo kutoka nyumbani, na mzazi ameyafanya siri.

Twachukua mfano wa selimundu, ambayo wengi huiita siko seli. Uchunguzi uliofanywa kutoka Bugando na kuchapishwa mwaka wa 2018 ulionyesha kuwa karibu mtoto 1 kwa kila 5 wa kanda hii huzaliwa na asili ya ugonjwa huo kutoka upande wa mzazi mmoja. Aliyeirithi pande zote mbili ndiye mgonjwa. Mtoto huyo akikimbizwa juani bila maji, au akinyeshewa na mvua ya baridi, mifupa humwuma maumivu makali. Mwalimu asiyejua humwita mvivu, na pengine humchapa.

Kanuni za adhabu shuleni, pamoja na waraka wa mwaka 2002 uliokomesha viboko kwenye vinne, zataka adhabu iangalie umri na afya ya mwanafunzi. Sasa mwalimu ataiangaliaje afya asiyoambiwa? Siri ya mzazi na fimbo ya mwalimu hukutana mgongoni mwa mtoto asiye na kosa.

Hali kadhalika kifafa. Ati povu la mgonjwa huambukiza! Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Daktari Louise Aall wa Norway alipowatibu wenye kifafa huko Mahenge, aliwakuta walioungua vibaya, kwa kuwa walianguka motoni na watu wakaogopa kuwagusa. Kifafa hakiambukizi. Mtoto alazwe ubavu, aondolewe vitu vigumu, asitiwe kijiko wala kidole kinywani. Degedege ikipita dakika 5, apelekwe hospitali. Na mwenye pumu akae na pampu yake mfukoni, isifungiwe ofisini.

Lipasalo kufanywa

Haya hayahitaji mali nyingi. Kwanza, kila mzazi, muhula uanzapo, amwendee mwalimu aseme: “Mwalimu, mwanangu ana ugonjwa huu, dawa yake ni hii, na simu yangu ni hii.” Mwalimu naye ayaandike daftarini na kuyahifadhi kama siri. Pili, shule iwe na sanduku la huduma ya kwanza, na ufunguo usisafiri na mkuu wa shule. Tatu, walimu wawili au watatu wafundishwe. Msalaba Mwekundu hufundisha kazi hii. Nne, kamati ya shule ijue mapema ni pikipiki au gari la nani litakaloitwa, na nani atakayelipa. Elimu imekuwa bila ada tangu Januari 2016, lakini ulinzi wa mtoto haukuondolewa mabegani mwetu. Na tusimzungushe majeruhi kutafuta fomu ya polisi kwanza; aliye hatarini hutibiwa, fomu hufuata.

Hayo yatimizwe katika madrasa zetu pia, kwani mtoto anayeanguka chuoni huumia sawasawa na anayeanguka shuleni.

Na asiwepo wa kusema kuwa kujitayarisha ni upungufu wa tawakali. Wote twaijua habari ya bedui aliyefunzwa na Mtume (s.a.w.) kumfunga kwanza ngamia wake. Tena katika Vita vya Handaki, mwaka wa 627, Saad bin Muadh alipopigwa mshale, alipigiwa hema msikitini Madina apate kuangaliwa kwa karibu; na wanahistoria humtaja Bibi Rufaida wa kabila la Aslam kuwa ndiye aliyewauguza majeruhi. Tiba ilisogezwa kwa mgonjwa, tena mahali patukufu. Basi sisi tutashindwaje kuisogeza kwenye ukumbi wa shule?

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu njiani na darasani, na aujalie mkono wa kwanza utakaowafikia uwe mkono wenye kujua. Amin.