JINA LA LESO KATIKA MCHORO WA VEKTA

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi michoro ya vekta inavyoundwa na kusomwa katika vivinjari mbalimbali vya mtandao, na kuonyesha kwa nini jambo hilo, ambalo kwa mtazamo wa juu juu ni la mafundi wa kompyuta, lawahusu pia wataalamu wa lugha. Mfano utakaotumiwa tangu mwanzo hadi mwisho ni leso ya Mombasa. Leso imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni mchoro uliopangika vizuri, wenye mistari, mikunjo na marudio, na kwa hiyo hufaa sana kueleza kazi ya vekta. Pili, leso ni andiko: ndani yake mna usemi mfupi uitwao jina, na usemi huo ni sehemu ya fasihi ya Kiswahili. Hoja itakayotetewa ni kwamba namna jina linavyowekwa ndani ya faili si suala la urembo peke yake, bali ni uamuzi unaohusu tahajia, kumbukumbu na utafiti wa lugha.

2. Leso na jina lake

Vazi liitwalo kanga katika sehemu nyingi za Tanzania, aghalabu huitwa leso na watu wa Mombasa. Neno hilo lina asili ya Kireno na maana yake ya awali ni kitambaa cha mkononi. Leso ina sehemu tatu. Pindo ni ukingo unaoizunguka pande zote nne. Mji ni sehemu ya kati. Nalo jina huandikwa ndani ya mji, karibu na pindo la chini. Vipimo vyake vya kawaida ni kiasi cha sentimita 150 kwa 110, na leso mbili zinazouzwa pamoja huitwa doti.

Katika kisiwa cha Mombasa biashara ya leso inahusishwa sana na mtaa wa Biashara Street, jirani na Mji wa Kale. Mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla, alizitia leso zake alama ya "K.H.E. – Mali ya Abdulla", na mara nyingi hutajwa kuwa ndiye aliyeanzisha desturi ya kutia jina mwanzoni mwa karne ya 20. Majina ya kwanza yalichapwa kwa herufi za Kiarabu. Za Kirumi zilifuata baadaye.

Matumizi hayo ya herufi za Kiarabu hayakuwa jambo geni mjini. Mombasa ilikuwa na mapokeo ya kuandika Kiswahili kwa herufi hizo kabla ya leso kuchapwa. Mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita wa nusu ya kwanza ya karne ya 19, yalifika mikononi mwa wasomi wa baadaye kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakusanya na kuyaandika akishirikiana na W. E. Taylor. Diwani iliyotayarishwa na William Hichens ilitoka mwaka 1940, na uchambuzi wa Mohamed H. Abdulaziz ukafuata mwaka 1979. Hapana shaka kwamba kama maneno hayo yasingeandikwa kwa namna inayosomeka, mengi yangepotea. Swali hilohilo la kusomeka ndilo linaloikabili leso inapoingia katika mtandao.

3. Pikseli na vekta

Kompyuta ina njia kuu mbili za kuhifadhi picha. Njia ya kwanza ni kuigawa picha katika vipande vidogo sana vya mraba na kuandika rangi ya kila kipande. Vipande hivyo huitwa pikseli. Njia ya pili ni kuandika maelezo ya umbo lenyewe: mstari uanzie wapi, uishie wapi, upinde vipi, ujazwe rangi gani. Hii ndiyo njia ya vekta.

Tofauti ya njia hizi huonekana picha inapokuzwa. Ikiwa leso imehifadhiwa kwa picha yenye upana wa pikseli 600, kisha ikakuzwa kufikia upana wake halisi wa sentimita 150, kila pikseli itakuwa na upana wa milimita 2.5. Kingo za herufi zitaonekana kama ngazi. Mchoro wa vekta hauna tatizo hilo, kwa kuwa kivinjari huuchora upya kwa kila ukubwa kinaotakiwa kuonyesha.

Katika mfumo uitwao SVG maelezo ya mchoro huandikwa kwa maandishi ya kawaida yanayoweza kusomwa na mtu. Mzingo wa leso nzima, mathalani, huweza kuandikwa hivi:

M 0 0 L 150 0 L 150 110 L 0 110 Z

Herufi M huamuru kalamu iende mahali palipotajwa bila kuchora. L huamuru ichore mstari ulionyoka. Z huifunga njia kwa kurudi pale ilipoanzia. Tarakimu ya kwanza ya kila jozi ni umbali kutoka kushoto, na ya pili ni umbali kutoka juu kwenda chini. Kwa mikunjo hutumiwa herufi C, ikifuatwa na jozi tatu: mbili za kuuvuta mkunjo na moja ya mahali unapoishia. Hisabati ya mikunjo hii ilitokana na kazi ya wahandisi wa magari nchini Ufaransa, Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault, kati ya miaka ya mwisho ya 1950 na ile ya 1960. Kwa mikunjo michache ya aina hiyo, umbo la korosho lipendwalo katika leso huchorwa mara moja, kisha huitwa tena kila linapohitajika kulizunguka pindo. Leso ya kisutu, ambayo uzuri wake umo katika kurudiwa kwa maumbo madogo, huweza hivyo kuandikwa kwa faili fupi sana.

Hapa yafaa kutaja suala la istilahi. Baadhi ya waandishi huiita pikseli "doti" au "nukta". Maneno yote mawili yana kazi nyingine katika uwanja huu. Doti, kama ilivyoelezwa, ni leso mbili. Nayo nukta ni alama inayotenganisha herufi za Kiarabu. Mtu akisema kwamba leso "imepoteza nukta", haitajulikana kama amekusudia kipande cha picha au alama ya herufi. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia pikseli kwa kipande cha picha, na nukta kwa alama ya herufi tu.

4. Vivinjari na lugha mbili za mchoro

Ugumu wa kuchora kwa vekta katika mtandao ulitokana na vivinjari kutokubaliana. Mwaka 1998 mapendekezo mawili makuu yalipelekwa kwa W3C, shirika linalosimamia kanuni za mtandao: PGML, lililoungwa mkono na Adobe na wenzake, na VML, lililoungwa mkono na Microsoft na wenzake. W3C haikupitisha lolote kati ya hayo kama lilivyo, bali iliunda mfumo mpya, SVG, uliotangazwa kuwa kanuni mwezi Septemba mwaka 2001.

Hata hivyo Internet Explorer, kilichokuwa kimeanza kusoma VML tangu toleo la 5 la mwaka 1999, hakikusoma SVG kwa uwezo wake chenyewe hadi toleo la 9 la mwaka 2011. Firefox kilikuwa kimeanza kuisoma SVG katika toleo la 1.5 mwaka 2005. Kwa miaka kadhaa, basi, mchoro mmoja uliandikwa kwa lugha mbili. Lugha hizo zilikaribiana kama lahaja: VML nayo ilitumia m kwa kuhama na l kwa kuchora mstari, lakini ilifunga njia kwa x na kuimaliza kwa e. Mnamo 2008 Dmitry Baranovskiy alitoa programu iitwayo Raphaël, ambayo ilipokea maagizo ya mchoro mara moja, ikatambua kivinjari cha msomaji, kisha ikatoa SVG au VML kama ilivyofaa.

Mgogoro huo umekwisha. Internet Explorer kiliondolewa katika huduma mwaka 2022, na vivinjari vikuu vya leo, yaani Chrome, Safari, Firefox na Edge, vyote husoma SVG. Mistari, mikunjo na rangi za leso hutokea karibu sawa kila mahali. Tofauti zinazobaki zimo hasa katika maandishi. Kwa maneno mengine, zimo katika jina.

5. Jina: umbo au maandishi?

Jina la leso huweza kuwekwa katika faili ya SVG kwa njia mbili. Chukuliwe usemi maarufu wa WEMA HAUOZI.

Njia ya kwanza ni kuzigeuza herufi kuwa maumbo. Mchoraji huiamuru programu yake ifuate mzingo wa kila herufi, na matokeo yake ni mfululizo wa M, L, C na Z. Faida ya njia hii ni dhahiri: jina litaonekana vilevile katika kila kivinjari, hata kama kompyuta ya msomaji haina fonti iliyotumiwa. Ndiyo maana wachoraji huipenda. Lakini hasara yake ni kubwa. Faili haina tena neno "wema" wala neno "hauozi". Ina mikunjo tu. Mtafiti akitafuta "wema" katika mkusanyo wa leso elfu moja zilizohifadhiwa hivyo, hatapata hata moja. Mtungaji wa kamusi hatapata mfano wa matumizi. Msomaji asiyeona, anayetegemea programu ya kusoma kwa sauti, hatasikia kitu.

Njia ya pili ni kuyaacha maneno yabaki maandishi na kukiachia kivinjari kazi ya kuyachora. Hapo neno hubaki neno. Hata hivyo sura yake hutegemea fonti iliyomo katika kompyuta ya msomaji. Fonti ikikosekana, kivinjari huchukua nyingine. Na kama herufi za hiyo nyingine ni pana zaidi, jina litatoka nje ya nafasi yake na kuingia katika pindo, maana maandishi ya SVG 1.1 hayajivunji yenyewe kwenda mstari wa pili.

Watunzi wa SVG waliliona tatizo hili, wakaweka utaratibu wa kuandika fonti ndani ya mchoro kwa lugha ya SVG yenyewe. Utaratibu huo haukudumu: Firefox hakikuukubali, na Chrome kiliuacha mwaka 2014. Mahali pake pamechukuliwa na mfumo wa fonti za mtandao uitwao WOFF, uliopitishwa na W3C mwaka 2012. Kwa WOFF fonti husafiri pamoja na maandishi, na hivyo jina huweza kuwa na sura moja katika vivinjari vyote bila kupoteza maneno yake.

Hata baada ya hapo, namna faili inavyoingizwa katika ukurasa ina athari. SVG ikiingizwa kama picha ya kawaida, kivinjari huitenga: hakiiruhusu kuita fonti iliyo nje ya faili, na msomaji hawezi kuteua wala kutafuta maneno yaliyomo. SVG ikiandikwa moja kwa moja ndani ya ukurasa, maneno yake huwa sehemu ya ukurasa na hutafutika.

6. Herufi za Kiarabu

Majina ya leso za kale, na maandiko mengine ya Mji wa Kale, huongeza uzito wa suala hili. Katika hati ya Kiarabu herufi nyingi zina umbo moja na hutofautishwa kwa nukta tu. Katikati ya neno, b ina nukta moja chini, y mbili chini, n moja juu, na t mbili juu. Waandishi wanaotofautisha p huipa nukta tatu chini. Kwa hiyo "bata" na "pata" huachana kwa idadi ya nukta tu. Picha ya pikseli iliyopunguzwa ukubwa huziunganisha nukta hizo, na mtafiti akabaki kukisia. Mchoro wa vekta huzilinda, kwa kuwa kila nukta ni umbo linalojitegemea.

Maandishi halisi huzilinda zaidi, kwani katika Unicode p ni herufi yenye namba yake mwenyewe na haiwezi kuchanganywa na b. Lakini yana masharti yake. Herufi za Kiarabu huungana, na umbo la kila moja hutegemea jirani zake. Mchoraji akiipa kila herufi mahali pake peke yake, au akiachanisha herufi ili jina lijaze nafasi, muungano huweza kukatika. Vilevile, kwa maandishi yaendayo kutoka kulia, "mwanzo" wa mstari ni upande wa kulia. Asiyelijua hilo ataona jina likikimbilia upande asioutarajia. Mwisho, si kila fonti ya Kiarabu ina alama zote zinazohitajiwa na Kiswahili, hasa za irabu e na o. Sheikh Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl walichapisha mwaka 1997 mapendekezo ya kuendeleza mfumo wa kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mapendekezo ya namna hiyo yatatumika katika mtandao ikiwa tu fonti zinazozibeba alama hizo zitasafiri pamoja na maandishi.

7. Hitimisho

Imeonekana kwamba tofauti za vivinjari, ambazo zamani ziligusa mchoro wote, sasa zimebaki hasa katika maandishi. Kutokana na hayo, anayehifadhi leso kwa ajili ya utafiti hana budi kuzingatia mambo manne: jina libaki maandishi, fonti iambatane nalo, faili iandikwe ndani ya ukurasa pamoja na alama ya lugha, "sw", ili programu za kusoma kwa sauti zisilitamke Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na pale jina lilipo katika herufi za Kiarabu, unukuzi wake wa Kirumi uwekwe katika sehemu ya maelezo ya mchoro. Ikiwa mchapaji wa nguo anahitaji herufi zilizogeuzwa maumbo, basi faili mbili zitunzwe, na ile yenye maandishi ihesabiwe kuwa asili.

Kazi hii haiwezi kuachiwa mchoraji peke yake, kwa sababu yeye huhukumu kwa jicho, na kwa jicho njia zote mbili huonekana sawa. Anayeweza kuuona upungufu ni yule atakayekuja kulitafuta neno. Leso huchakaa na kutupwa. Jina lake lisipoandikwa kama lugha, litakwenda pamoja nayo.