Jicho Linalotiririka Machozi Kila Siku

Ndugu mkulima, wewe wa skimu za upande wa Thika na Ruiru wajua vizuri kazi ya mfereji. Mfereji ukizibwa na tope, maji hayapotei, bali hufurika na kuharibu mahali pasipotakiwa. Jicho la mwanadamu nalo lina mfereji wake. Basi soma habari hii kwa makini, hasa ikiwa jicho lako hutoa machozi kila siku pasipo moshi wala huzuni.

Machozi hutengenezwa na tezi iliyo juu ya jicho, upande wa nje. Kila ukipepesa, machozi husukumwa mpaka pembe ya jicho iliyo karibu na pua. Hapo pana matundu 2 madogo sana, moja juu na moja chini. Machozi huingia humo, hufika katika kifuko kidogo, kisha hushuka kwa mfereji mpaka puani. Ndiyo sababu mtu akilia, kamasi nazo humtoka.

Je, mfereji huu huzibwa na nini? Watoto wengine huzaliwa nao umefunga, na wengi wao hufunguka wenyewe kabla ya mwaka 1. Kwa mtu mzima mambo ni tofauti. Mara nyingi mfereji huwa mwembamba kwa sababu ya umri, na wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Pengine sababu ni ugonjwa wa pua wa muda mrefu, pigo la usoni, au uvimbe. Ukisha kuziba hivyo, kwa kawaida haufunguki wenyewe.

Dalili zake ni hizi: machozi kutiririka shavuni, na kuzidi wakati wa upepo au baridi ya Julai, tongotongo kila asubuhi, na usaha kutoka ukibonyeza kando ya pua.

Watu wengi husema, "Ni machozi tu." Lakini maji yaliyotuama huzaa wadudu, na kifuko kilichozibwa hujaa usaha. Sasa fikiri mkulima anapalilia, na jani la mahindi linamkwaruza jicho. Mkwaruzo mdogo ungepona upesi, lakini vijidudu vya usaha ule vikiingia ndani yake, hufanya kidonda kwenye kioo cha jicho, na jicho laweza kupofuka. Kwa sababu hiyo pia, mzee anayetaka kuondolewa mtoto wa jicho hutibiwa kwanza mfereji uliozibwa.

Usitie jichoni maji ya majani, maziwa ya mama, wala dawa ya dukani usiyoandikiwa. Dawa ya matone yaweza kupunguza vijidudu, lakini haizibui mfereji. Tena dawa nyingine za matone hukuza kidonda cha jicho. Kwa sasa nawa mikono kwa sabuni, na panguza jicho kwa kitambaa safi ambacho hakitumiwi na mtu mwingine.

Kisha nenda hospitali yenye daktari wa macho, kama vile Thika Level 5 au hospitali ya PCEA Kikuyu. Daktari atatazama kwanza kama sababu ni nyingine, kwa maana jicho kavu, ukope uliogeuka, au trakoma pia huleta machozi. Halafu aweza kupitisha maji ya chumvi katika lile tundu dogo. Ukionja chumvi kooni, njia i wazi. Maji yakirudi nyuma, njia imezibwa.

Ikiwa imezibwa kabisa, dawa yake ni upasuaji. Daktari hazibui mfereji wa zamani, bali hufungua njia mpya fupi kutoka kwenye kifuko mpaka ndani ya pua. Kazi hiyo ilielezwa na daktari wa Italia, Addeo Toti, mwaka 1904, na hata leo wengi wanaofanyiwa hupona.

Lakini ukiona uvimbe mwekundu, wenye moto na maumivu kando ya pua, au ukipata homa, au macho yakaanza kuona giza, usiubonyeze uvimbe huo wala usingoje siku ya soko. Nenda hospitali siku ile ile. Palizi yaweza kungoja kesho, lakini jicho lililopofuka kwa kidonda ni shida kubwa kulirudisha.