Umeshabadilisha giaboksi: ubaki na gari au uliuze?

Mtu akishalipa fedha ya giaboksi, wazo linalomjia haraka ni kuliuza gari kabla halijamtia hasara tena. Dalali naye hukoleza: liuze sasa, maadamu linatembea. Naupinga ushauri huo. Mara nyingi unamtoa mtu kwenye hasara aliyokwisha kuilipa na kumtumbukiza kwenye nyingine asiyoijua.

Tupige hesabu ya mfano. Una Nissan X-Trail ya mwaka 2009, ambayo ikiwa nzima ingeuzwa shilingi milioni 13 hapa Dar es Salaam. Giaboksi ya mtumba, oili, fundi na gari la kuvuta vimekula milioni 3. Ukiliuza leo, hakuna wa kukupa milioni 16. Hata hiyo 13 ni ya kuomba, kwa sababu mnunuzi akisikia giaboksi imeguswa anashusha bei papo hapo. Tuseme umeuza kwa 12, dalali ukampa laki 5. Umebaki na milioni 11 na nusu. Sasa katafute gari la fedha hiyo: utapata la umri uleule, lenye giaboksi ambayo historia yake unasimuliwa na muuzaji tu. Hapo kuna ada za kuhamisha umiliki, fundi wa kulikagua, betri, na zile shokapu na matairi ambayo mwenyewe aliacha kubadilisha tangu alipoamua kuuza. Weka milioni 1 na nusu. Kwa hesabu hiyo kuuza kumekugharimu milioni 3, bei ya giaboksi nyingine kabisa.

Ukibaki nalo na likakutumikia miaka 2, zile milioni 3 ni sawa na shilingi 125,000 kwa mwezi.

Wapo wanaosema bora kuagiza Japani. Huko unatafuta fedha mpya, kwa sababu gari lako la zamani halitalipia hata nusu ya safari. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT asilimia 18, na gari likizidi miaka 10 unaongezwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Mwenye uwezo aagize, ila asijiambie kwamba anakimbia gharama.

Lakini hesabu yote hii inasimama juu ya swali moja ambalo wengi hawamuulizi fundi: giaboksi ile ya kwanza iliuawa na nini?

Chukua mfano wa rejeta. Katika magari mengi ya otomatiki, oili ya giaboksi hupita ndani ya rejeta ili ipoe. Kibomba cha ndani kikitoboka, maji na oili vinachanganyika, na maji yakifika kwenye giaboksi yanaharibu klachi zake. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa imepoa kabisa. Ukiona utelezi wa rangi ya waridi, mzito kama maziwa ya mgando, umempata mhalifu. Fundi aliyefunga giaboksi nyingine akaiacha rejeta ileile amekuandalia maziko ya pili. Rejeta haina bei ya kutisha ukiilinganisha na giaboksi. Badilisha, na mabomba yake yasafishwe.

Kisha kuna oili. X-Trail hiyo ina CVT, inayotumia puli na mkanda wa chuma badala ya gia za kawaida, na oili yake ni NS-2. Toyota IST ya kwanza ina otomatiki ya gia 4 na inatumia T-IV. Zote mbili gereji wanaziita "oili ya giaboksi", na huko ndiko balaa linakoanzia. Simama pale fundi anapomimina, soma kopo mwenyewe. CVT ikiwekewa oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda unaanza kuteleza.

Kwenye CVT za kipindi kile nina tahadhari zaidi. Nchini Marekani, Nissan iliongeza dhamana ya CVT za magari yake ya mwaka 2003 hadi 2010 ikawa miaka 10 au maili 120,000. Kampuni haifanyi hivyo kwa kifaa kisichosumbua. Kwa hiyo aliyefungiwa CVT ya mtumba ya umri uleule amenunua muda, na muda huo hauna urefu unaojulikana. Bado ningebaki nalo, ila ningeweka akiba kila mwezi, na oili ningeibadilisha kila kilomita 40,000 bila kusubiri dalili.

Ningeuza bila kusita endapo injini nayo inachemsha au inakula oili, au chini ya gari kutu imeshatoboa chesesi. Hapo giaboksi nzima imefungwa kwenye gari linalokufa. Vilevile kama hii ni giaboksi ya pili kufa na chanzo hakijulikani. Ukiuza, mwambie mnunuzi ukweli na umwonyeshe risiti. Kadi ya gari ina namba ya injini na ya chesesi, giaboksi haimo, kwa hiyo risiti ndiyo ushahidi pekee ulio nao.

Risiti hiyohiyo iandikwe tarehe, kilomita zilizosomeka siku ya kufunga, na muda wa dhamana. Dhamana za mtumba ni fupi, kwa hiyo liendeshe gari kwelikweli kabla muda huo haujaisha: panda nalo mlima, kaa nalo kwenye foleni ya mchana kwenye jua kali. Ukitia D likachelewa kushika, au gia zikaanza kugonga, rudi dukani siku hiyohiyo.